Kambale wa Tangini: Kutoka Jina la Kilatini hadi Namba

Mwaka 1758, Carl Linnaeus alipotoa chapa ya kumi ya Systema Naturae, alimwingiza humo samaki wa Amerika Kusini mwenye bamba za mfupa mwilini na mdomo wa kufyonza uliokaa upande wa chini wa kichwa. Alimwita Acipenser plecostomus, akamweka jenasi moja na wale samaki wa Ulaya wanaotoa kaviari. Zile bamba ndizo zilizompotosha. Mwaka 1803 Mfaransa Lacepède alimtenga kambale huyu katika jenasi ya Hypostomus, lakini neno plecostomus halikufa, na litatusumbua mbele.

Karne ya 19 ilikuwa zama za makumbusho. Johann Natterer alikusanya viumbe nchini Brazili tangu 1817 hadi 1835, na mjini Vienna Rudolf Kner akawaainisha kambale wake katika miaka ya 1850. Samaki waliwafikia wataalamu wa Ulaya wakiwa wafu, wamelowekwa kwenye pombe, rangi imechujuka. Kwa hiyo elimu ya kuwatambua ilijengwa juu ya vitu vinavyohesabika: meno, bamba, mionzi ya mapezi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege na mifuko ya plastiki vilibadilisha mambo. Sasa samaki alifika hai, na aliyempa jina alikuwa mfanyabiashara. Karibu kila kambale wa kufyonza aliuzwa kwa jina la plecostomus, ama pleko kwa kifupi, hata alipokuwa Pterygoplichthys, anayeweza kupita sentimita 40 na kulishinda tangi la mnunuzi wake. Mfugaji makini alijifunza kusubiri samaki ainue pezi la mgongoni, kisha ahesabu mionzi yenye matawi: Hypostomus ana 7, Pterygoplichthys ana 9 au zaidi. Hesabu ya Vienna ikawa imeingia sebuleni.

Katika miaka ya 1980 mito ya Brazili ilitoa kambale wageni kwa kasi ambayo wanasayansi hawakuweza kuifuata. Hapo, mwaka 1988, jarida la Kijerumani DATZ lilianza kuchapisha picha ya kila samaki asiyefahamika pamoja na namba iliyotanguliwa na herufi L, kwa jina la familia ya Loricariidae, na mahali alikovuliwa palipojulikana. Namba haikudai kwamba huyu ni spishi mpya. Ilisema tu kwamba samaki wa sura hii ameonekana. Kwangu mimi huo ni uaminifu mkubwa kuliko majina mengi ya Kilatini yaliyotolewa kwa pupa.

Mto Xingu ulionyesha nguvu na udhaifu wa mpango huo. L46, mwenye mistari myeusi na myeupe, alipewa jina la Hypancistrus zebra na Isbrücker na Nijssen mwaka 1991. L98 naye ni yuleyule, mistari yake tu imekatikakatika. L18, L81, L85 na L177 walinunuliwa kama samaki wanne, wakitofautishwa kwa ukubwa wa madoa ya manjano, hadi mwaka 2011 walipothibitika kuwa spishi moja, Baryancistrus xanthellus. Baadaye bwawa la Belo Monte lilipunguza maji ya Volta Grande, sehemu ya Xingu ambayo ni makazi ya L46, na mwaka 2017 Brazili ikamwingiza katika Kiambatisho cha Tatu cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Jina la kisayansi likawa pia kinga ya kisheria.

Ziwa Tanganyika halikuachwa nyuma. Kwa miaka mingi kambale mdogo mwenye madoa aliuzwa kama Synodontis petricola, spishi iliyoelezwa na Matthes mwaka 1959. Mwaka 2006 Wright na Page walionyesha kwamba wenye mabaka meupe kwenye mashina ya mapezi ni spishi nyingine, wakaiita S. lucipinnis. Wafugaji waliokuwa wamewazalisha kwa miaka walilazimika kuchungulia upya matangi yao.

Mwaka huohuo wa 2006 namba za CW zilianza kutolewa kwa kambale wa kundi la Corydoras, kuendeleza namba za C ambazo DATZ ilizianzisha mwaka 1993. Kisha mwaka 2024 utafiti wa nasaba uliigawa jenasi hiyo: Corydoras paleatus akawa Hoplisoma paleatum, na C. aeneus akawa Osteogaster aenea. Vibandiko madukani vitachukua miaka kubadilika. Mwenye samaki wa CW hana cha kubadilisha, kwani namba yake haikuwahi kutegemea jenasi.