Epulu: Kijiji cha Mpakani Ndani ya Msitu wa Ituri

Asemapo mtu "mpaka", fikra hukimbilia bendera, askari na kituo cha forodha. Epulu haina vitu hivyo. Uganda iko mbali, ng'ambo ya Bunia. Hata hivyo nadai hapa kwamba kijiji hiki ni cha mpakani, na kwamba wanaokiandikia historia bila kuutazama mpaka huo huanzia hadithi katikati.

Kijiji kimekaa pale barabara itokayo Bunia kupitia Komanda na Mambasa kwenda Kisangani inapovuka Mto Epulu. Mto huo huingia Ituri, nao Ituri hugeuka jina kuwa Aruwimi kabla ya kumwagika katika Kongo huko Basoko. Pande hizi hukutana jamii mbili za lugha: Kibila, ambacho ni cha Kibantu, na Kilese, ambacho ni cha Sudani ya Kati. Mpaka huo hauna alama, lakini unaonekana hata katika mawindo. Wambuti waishio jirani na Wabila huwinda kwa nyavu, wanaume kwa wanawake. Waefe, wenzao wa Walese, hutegemea zaidi upinde na mshale. Mwanaisimu hana budi kustaajabu: wavu umeifuata sarufi!

Lugha ya tatu, Kiswahili, ililetwa na misafara ya wafanyabiashara wa Maniema. Stanley alipopita kando ya Mto Ituri mwaka 1887, alikuta kambi za Ugarrowwa na Kilonga-Longa zimekwisha simama.

Basi ni ajabu kusoma kwamba Epulu "ilianzishwa" na Mmarekani Patrick Putnam. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1930 alijenga kambi yake hapo, akawatibu wagonjwa na kuwapokea wasafiri hadi alipofariki mwaka 1953. Naye Colin Turnbull akawatangaza Wambuti wa hapo duniani kwa kitabu chake cha 1961. Lakini kambi hiyo ilijengwa katika msitu wenye wenyewe.

Mipaka ya baadaye ilichorwa kwa kalamu. Hifadhi ya Okapi, iliyotangazwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 13,700 hivi. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaiweka miongoni mwa urithi ulio hatarini. Tarehe 24 Juni 2012 waasi wa Mai-Mai Simba, wakiongozwa na Paul Sadala, aliyeitwa Morgan, waliyavamia makao yake Epulu. Waliua watu, wakiwamo walinzi, wakachoma majengo. Okapi wote 14 waliofugwa hapo wakaangamia.

Karatasi zinaweza kuungua. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu wakusanye majina ya vijito na makambi ya kuwindia, kwa Kibila na kwa Kilese, wakianza na wazee wa kando ya daraja.