Njaa ya 1943 na Ghala la Mbegu

Sisi wa Bunagana tunakaa karibu na Mlima Sabinyo, ambako mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda inakutana. Njaa ikipiga upande mmoja, pande zingine husikia upesi. Kwa hiyo habari za njaa ya jirani ni habari zetu pia.

Mwaka 1928 na 1929 njaa iitwayo Rwakayihura iliua watu wengi Rwanda. Baada yake serikali ya Wabelgiji iliamuru wakulima wapande mihogo na viazi vitamu. Mazao hayo ni mema, maana huweza kungoja udongoni mpaka siku ya shida. Lakini mtu alimaye kwa hofu ya kiboko hajifunzi sababu ya kulima.

Mwaka 1943 ikaja njaa nyingine, Ruzagayura. Mvua zilikosekana, na ugonjwa wa ukungu ukaharibu viazi vya kizungu. Ndio ugonjwa ule ule ulioozesha viazi vya Ayalandi kuanzia 1845, wakafa watu kama milioni moja. Huko Rwanda walikufa maelfu, na wengi walivuka kuja Kongo na Uganda kutafuta chakula.

Basi, tunajifunza nini? Viazi vya kizungu hustawi sana katika udongo wetu wa volkeno, lakini vina maji mengi, havikai ghalani muda mrefu. Maharagi na mtama sivyo. Yaanike maharagi mpaka yakauke kabisa, uyachanganye na majivu makavu yaliyochekechwa. Majivu hujaza nafasi kati ya punje, wadudu wakakosa njia. Hata Yosefu huko Misri aliweka akiba ya nafaka, kitu kinachokaa.

Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilitekwa na M23, na maelfu ya watu wakakimbilia Uganda. Mkimbizi habebi shamba kichwani. Mfuko wa mbegu hubebeka. Arudiye bila mbegu huanza kulima kwa deni.

Kwa hiyo, ndugu, kila nyumba ipande mazao zaidi ya moja. Mbegu itengwe siku ya mavuno, kabla chungu hakijawekwa motoni. Na watoto wachekeche majivu pamoja nasi, ili wajue kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe, bila kungoja amri ya mtu.