Kambi Iliyotuachia Afande

Pangani ililetewa kampuni kabla ya kuletewa jeshi. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha pwani ya Mrima kwa Kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, na Agosti wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, akatua Pangani kushika mji. Watu walimwita Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, liwali akakataa, basi Nyundo akaita wanamaji kutoka manowarini. Zilikuwa siku za Idi ya kuchinja. Wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa pamoja nao. Mji uliokuwa ukivutana wenyewe kwa wenyewe, Waarabu wenye mashamba ya miwa huku na majumbe wa Kishirazi kule, ukapata adui mmoja. Septemba Nyundo alikuwa kafungiwa ndani ya nyumba, mpaka Jenerali Mathews, mkuu wa askari wa Sultani, alipokuja kumtoa. (Nyundo ndiye aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo mwaka 1891, na leo Lugalo ni jina la kambi ya jeshi Dar es Salaam. Sijui kama kuna jibu zuri kuliko hilo.)

Vita vya Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani, ndivyo vilivyozaa kambi. Bunge la Berlin lilipitisha marki milioni 2 mwanzoni mwa 1889, na Hermann Wissmann akaambiwa atafute askari. Alikwenda kuwatafuta Cairo. Huko aliandika Wasudani wapatao 600, watu wa jeshi la Misri waliobaki bila kazi baada ya wafuasi wa Mahdi kuitwaa Sudan. Kutoka Msumbiji wakaja wengine walioitwa Wazulu, ingawa wengi wao walikuwa Washangaani. Wasudani walikuja na wake zao na watoto, kwa hiyo kilichoshuka pwani kilikuwa jeshi na mtaa kwa pamoja.

Julai 1889 manowari ziliipiga Pangani mizinga, kikosi kikashuka. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Tanga, mji uliokwisha kuonja mizinga hiyo Septemba ya mwaka uliotangulia. Kila mji ukaachiwa askari wake. Tarehe 15 Desemba Abushiri alinyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akayatungia hayo yote utenzi, Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na hakuwaonea haya washindi.

Kinachonivuta mimi ni vyeo vya kambi hizo. Koplo alikuwa ombasha, sajini alikuwa shaushi, juu yake betshaushi, kisha soli, na kileleni efendi, cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukifikia. Ni maneno ya asili ya Kituruki, yaliyokaa Misri kabla ya kushushwa Mrima pamoja na mabegi ya Wasudani. Wadachi waliyaacha yakae. Mwaka 1891 jeshi la Wissmann likawa jeshi rasmi la Kaizari, wakaanza kuandikwa Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wa bara, na vyeo vikabaki vilevile. Novemba 1914 Waingereza walipoishambulia Tanga na watu 8,000 hivi, wakapigwa na askari wapatao 1,000, na nyuki juu yake, waliokuwa wakiamrishana mle vichakani walikuwa bado mashaushi na maombasha.

Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na vyeo vyake, na mwaka 1963 likaanzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, lenye kambi zake mkoani Tanga huko Maramba na Mgambo. Ombasha amekufa. Mtaje mbele ya kijana wa Pangani, atadhani ni jina la samaki. Efendi peke yake ndiye aliyepona, kwa kubadili irabu mbili tatu: leo ni afande. Wasudani wenzao walitumika pia katika jeshi la Waingereza Uganda na Kenya, na huko nako neno limebaki.

Mwaka jana nilikuwa Pangani nikisubiri kivuko cha kwenda Bweni. Mama muuza karanga alimsogelea kijana aliyevaa fulana ya JKT, mkono mmoja ukishika kipande cha gazeti kilichokunjwa pembe.

“Afande, hizi za moto. Chukua mbili.”

Akachukua moja.