Mtoto wa Mmisionari na Watoto wa Wanavajo

Mwaka 1896 mmisionari William Johnston alihamia kaskazini mwa Arizona, katika nchi ya Wanavajo, pamoja na mkewe na mwana wao mdogo, Philip. Mtoto huyo alikua akicheza na watoto wa wenyeji na kuokota lugha yao mchezoni. Mwaka 1901, baba yake alipofuatana na viongozi wa Kinavajo hadi Washington kuomba nyongeza ya ardhi, aliyewatafsiria mbele ya Rais Theodore Roosevelt alikuwa Philip, mtoto wa miaka tisa. Historia ya misheni kwa Wanavajo imezoea kuhesabu makanisa, shule na waliobatizwa. Kipimo cha haki zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuliza ni nani aliachiwa kulea watoto wake mwenyewe, na ni nani alinyimwa.

Wanavajo walikuwa wametoka kwenye msiba. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu hadi Bosque Redondo, New Mexico, na wengi wakafia njiani na kambini. Mkataba wa 1868 uliwarudisha kwao, lakini uliwataka wapeleke shuleni watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 16. Hapo serikali na makanisa yakashikana mikono. Kwa Wanavajo mtoto huzaliwa katika ukoo wa mama. Nyumba ni ya mama, na malezi hupitia kwa bibi, mama wadogo na kazi ya kuchunga kondoo. Bweni lilimng'oa mtoto katika mtandao huo wote kwa mkupuo mmoja. Chester Nez, aliyesoma shule za bweni za serikali, alisimulia baadaye jinsi alivyosuguliwa kinywa kwa sabuni kwa kosa la kusema Kinavajo. Shule za misheni nazo, kama Rehoboth iliyoanza mwaka 1903 karibu na Gallup, ziliendeshwa kwa imani ileile kwamba mtoto hujengwa upya akiwa mbali na kwao. Wakati huohuo familia ya mmisionari ilikula meza moja na kusali kwa lugha yake.

Wako watakaojibu kwamba kaya za Wanavajo zilitawanyika mno zikifuata malisho, hata shule ya kutwa isingewezekana, na kwamba wazazi wengine walipeleka watoto kwa hiari. Ni kweli. Tena huduma haikuwa shule tu: huko Ganado, daktari Clarence Salsbury na mkewe Cora waliendesha misheni ya Wapresbiteri ambako hospitali ya Sage Memorial ilifunguliwa mwaka 1930, ikiwa na chuo kilichowafundisha wasichana wa Kiindio uuguzi. Lakini umbali unaeleza bweni. Haufiki kwenye sabuni. Na hiari ya mzazi maskini, ambaye njia nyingine ya kumpatia mwanawe elimu hana, tusiipambe sana.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kuipima misheni kwa familia ni mfano wa Padre Berard Haile, Mfransisko aliyefika St. Michaels mwaka 1900. Hakuwa na mke wala mtoto, na bado kazi yake juu ya lugha ya Wanavajo haina mfano miongoni mwa wamisionari wa zama zake. Mmisionari Faye Edgerton naye hakuolewa, na Agano Jipya la Kinavajo aliloshiriki kulitafsiri lilitoka mwaka 1956. Basi ndoa ya mmisionari si siri ya chochote. Hawa wawili walikubali kuwa wanafunzi kwa miaka mingi, katika nyumba za watu. Philip Johnston alilipata hilo utotoni, bure.

Mwaka 1942 ndiye aliyewashauri wanamaji wa Marekani watumie Kinavajo kwa mawasiliano ya siri vitani. Asipewe sifa zaidi ya hapo, kwani msimbo wenyewe ulitungwa na askari Wanavajo, 29 wa kwanza, waliokiita kifaru cha vita kobe na bomu la mkono kiazi. Wajapani hawakuuvunja. Miongoni mwa hao 29 alikuwemo Chester Nez, na lugha iliyotegemewa sasa na jeshi la Marekani aliihifadhi kwa kuizungumza kwa siri bwenini, na kwa kurudi likizo kwa bibi yake na kondoo wao.