Pete ya Lenzi na Uamuzi wa 1987

Mwaka 2018 Nikon na Canon walizindua kamera za fremu kamili zisizo na kioo, wakipishana kwa wiki mbili hivi, na kila mmoja alikuja na maunti mpya, yaani ile pete ya chuma ambamo lenzi huingizwa na kuzungushwa mpaka ikakaza. Mjadala ukaangukia kwenye upana: Z ya Nikon ina kipenyo cha milimita 55, RF ya Canon 54, ilhali E ya Sony, iliyoanza 2010 kwa kamera za kihisi kidogo, ina takriban 46. Kwa maoni yangu kipimo hicho kilipewa uzito kupita kiasi. Mwaka 2021 Sony ilipitisha lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.2 kwenye pete hiyo nyembamba, ikiwa na gramu 778. Ya Canon ina 950, ya Nikon 1,090. Upana unasaidia, na lenzi ya Noct ya Nikon yenye f/0.95 ni ushahidi, lakini wangapi huinunua?

Lililokuwa na uzito zaidi liliamuliwa 1987, Canon ilipoitupa maunti yake ya FD na kuleta EF. Kwenye pete mpya hapakuwa na hata wenzo mmoja: mota ya kufokasi ilihamia ndani ya lenzi, uwazi ukaendeshwa kwa umeme, na amri zote zikapita kwenye vidoti vya umeme. Wapigapicha waliumia kweli. Lenzi ya FD ilitengenezwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu, na EF inataka 44, hivyo adapta isiyo na lenzi ya ziada ndani yake haikuweza kufokasi mbali. Nikon ilibaki na F yake ya 1959, na mota ikaiweka kwenye kamera, ikizungusha lenzi kwa ncha kama ya bisibisi.

Atakayesema Nikon ndiyo iliyomheshimu mteja hakosei, kwa kipindi kile. Ila kamera zisizo na kioo zilipokuja, kihisi kikasogea mpaka milimita 16 kutoka kwenye pete ya Z na 20 kwa RF, nafasi ya adapta ikapatikana kwa wote. Lenzi ya EF ya 1987 hujifokasi yenyewe kwenye RF mpaka leo. Adapta ya Nikon, FTZ, haina mota, kwa hiyo mwenye lenzi za AF-D, zile zinazozungushwa na mota ya kamera, hufokasi kwa mkono.