Musoma: Mji wa Rasi, Mji wa Shule

Ndugu wana-Mara, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari inapita Bunda, lakini Musoma mjini haiingii. Ukitoka Bunda, ukifika Makutano unakata kushoto na kwenda mpaka nchi inapoishia majini. Mji umekaa kwenye rasi iliyoingia Ziwa Viktoria, kwenye mlango wa Ghuba ya Mara. Wazee wa Kikwaya husema jina lake limetokana na omusoma, yaani rasi yenyewe.

Rasi hiyo ndiyo iliyouzaa mji. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuzunguka ziwa na kutafuta bandari. Pamba na ngozi zikashushwa Musoma kupakiwa. Baada ya Uhuru, Jimbo la Ziwa lilipogawanywa, Musoma ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mara. Bunda ilikua kwa barabara na pamba, Serengeti ikiwa jirani yake. Butiama ilibaki kijiji cha vilimani, kwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki.

Mwaka 1934 mtoto wa chifu huyo, Kambarage, mwenye umri wa miaka 12, alikwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Kutoka Butiama ni kama kilomita 40. Asingeweza kwenda na kurudi kila siku. Alisoma kwa sababu Mwisenge ilikuwa na bweni. Mwaka 1937 akaendelea Tabora.

Novemba 1974 alikuwa tena Musoma, safari hii akiwa Rais. Hapo Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma: ifikapo 1977, kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi.

Leo shule za sekondari za kata zipo, ila wapo watoto wetu ambao bado wanatembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Wasichana ndio wanaoumia zaidi, na wengine huishia njiani kabla ya kidato cha nne. Ndiyo maana mchango wa mwaka huu ni wa bweni la wasichana. Atakayeweza mfuko mmoja wa saruji atoe, atakayeweza bati moja atoe. Haba na haba hujaza kibaba.

Karibuni tujenge.