Otomata ya Seli

Kusini mwa Kismayo, kupita Kudhaa hadi mpakani na Kenya, mwambao wa Wabajuni una miamba ya matumbawe. Katika miamba ya namna hii ya Bahari ya Hindi huishi konokono ambaye wataalamu humwita Conus textile. Asishikwe ovyo, maana sumu yake huweza kuua mtu. Gamba lake limejaa pembetatu nyeupe, kubwa kwa ndogo, zilizozungushiwa mistari ya kahawia, na huoni mpangilio unaojirudia.

Inaelezwa kwamba ukingoni mwa gamba kuna safu ya seli za rangi. Kila seli hutoa rangi au huacha kwa kutegemea jirani zake. Gamba likikua, safu hufuata safu, na nakshi hujitokeza bila seli yoyote kuijua.

Kwa wanakompyuta, mfumo wa aina hii ni otomata ya seli. John von Neumann na Stanislaw Ulam ndio walioanza kuuwaza, miaka ya 1940. Stephen Wolfram akachunguza ulio mwepesi kabisa: safu moja, seli nyeusi au nyeupe. Katika kanuni aliyoipa namba 30, jirani wa kushoto akiwa mweusi, seli huwa nyeusi pale tu yenyewe na jirani wa kulia ni weupe. Wa kushoto akiwa mweupe, inatosha mmoja kati ya hao wawili awe mweusi. Anza na seli moja nyeusi kati ya nyeupe, na kila hatua iandike kama safu mpya chini ya iliyotangulia: safu ya pili nyeusi zitakuwa tatu, ya tatu itakuwa mbili nyeusi, mbili nyeupe, moja nyeusi. Endelea, na pembetatu za yule konokono zitaanza kuonekana.

Wapo wanaopenda kusema chembehai badala ya seli. Katika biolojia ni neno zuri, lakini hapa linapotosha, kwa kuwa seli ya otomata ni kisanduku tu, haina uhai. Vilevile tusiite kila badiliko mageuzi. Seli ikigeuka kutoka nyeupe kuwa nyeusi imebadili hali, basi. Mageuzi ni pale kanuni zenyewe zinaposhindanishwa, zilizofaulu zikachanganywa na kubadilishwa kidogo, kizazi baada ya kizazi. Melanie Mitchell na wenzake walifanya hivyo Marekani miaka ya 1990: safu ya seli 149 ilitakiwa iamue rangi ipi ilikuwa nyingi mwanzoni, ilhali kila seli inaona majirani wachache tu. Kanuni bora zilizozaliwa zilipitisha ishara kutoka upande mmoja wa safu hadi mwingine, jambo ambalo hakuna aliyeziandikia.